Kusaidia watu bila kazi yako kulala

Katika ofisi zote nilizofanya kazi ya uhasibu, watu wanaopenda kusaidia niliwakuta sehemu mbili: juu kabisa na chini kabisa. Wa juu anatajwa kwa heshima hata na asiowajua, kazi zinamfuata, akihama anaombwa arudi. Wa chini ana moyo uleule, pengine mkubwa zaidi, lakini kila mwisho wa mwezi hesabu zake ndizo za mwisho kufungwa, na siku ya kupandishana vyeo hakuna anayemkumbuka.

Kinachowatenganisha ni mpangilio. Mwaka 2003 mtafiti Francis Flynn alichapisha uchunguzi kuhusu wahandisi wa kampuni moja ya mawasiliano huko Marekani. Aliangalia nani anamfanyia nani fadhila, mara ngapi, na kazi za kila mmoja zinakwendaje. Waliotoa sana kuliko walivyopokea waliheshimika, ila kazi zao wenyewe ziliumia. Waliopata vyote viwili ni wale waliokuwa wakisaidiana mara kwa mara: leo natoa, kesho napokea, keshokutwa natoa tena.

Tumelelewa na ile ya tenda wema nenda zako. Ni nasaha nzuri, ila haisemi utende kiasi gani. Mimi nina kipimo kimoja, na yote yatakayofuata hapa yanatoka humo: msaada wowote unaotaka kuutoa, jiulize kama unaweza kuurudia wiki ijayo na ile inayofuata bila kazi yako kulala. Kama huwezi, upunguze mpaka uweze.

Chagua unasaidia nini

Watu wengi hawachagui. Wanasaidia chochote kinacholetwa: leo kuhamisha makabati, kesho kumsomea mtu mkataba ambao hata wao hawauelewi, keshokutwa kukaa kwenye kikao cha idara nyingine "kwa sababu wewe ni mwelewa". Ukiwa mtu wa kila kitu, watu watakuita kwa kila kitu, na hutatajwa kwa lolote.

Wangu mimi ni hesabu zinazokataa kulingana. Mtu ana jumla mbili ambazo zingepaswa kuwa sawa, hazipo sawa, na amezikodolea macho tangu asubuhi. Nikifika mezani kwake siombi kuona faili. Nauliza tofauti ni kiasi gani, kisha namwambia aigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimepishana mahali fulani: palipotakiwa 4,536 pameandikwa 4,563. Tofauti hapo ni 27, na 27 ni 9 mara 3. Isipogawanyika kwa 9, agawe kwa 2 halafu aitafute hiyo nusu kwenye orodha. Huenda kuna kiasi cha upande wa debiti (safu ya kushoto) kimewekwa upande wa krediti (safu ya kulia), na kosa la namna hiyo huzaa tofauti mara mbili ya kiasi chenyewe. Si kila kosa hunaswa hivyo, lakini mengi hunaswa, na kazi iliyokuwa imekula asubuhi nzima inakwisha kabla sijakaa.

Angalia ambacho sikukifanya: sikumnyang'anya kipanya. Yeye ndiye aliyegawa, yeye ndiye aliyetafuta. Wiki ijayo tofauti nyingine ikitokea haji kwangu, na mara nyingi namkuta anamfundisha mwenzake. Hapo ndipo msaada wa dakika chache unapozaa, kwa sababu mikono inaongezeka na mzigo wangu hauongezeki.

Kupata wa kwako, anza na yale ambayo watu tayari wanakuuliza. Kati ya hayo, chukua unalolifanya haraka kuliko wengine, na usilolichukia. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami nalipa uzito kuliko yote. Kuna dada mmoja niliyefanya naye kazi, hodari wa kuandika barua rasmi kuliko sisi sote, lakini kila barua ilimuudhi. Hakudumu nalo. Alipohamia kuwaandaa vijana kwa usaili, jambo alilolifurahia, alidumu nalo hata baada ya kuhama ofisi.

Kipimo cha dakika kumi

Msaada wa kawaida, ule wa kila wiki, uwe wa dakika kumi. Unazidi hapo mara mojamoja, kwa hiari yako, baada ya kutazama kalenda.

Dakika kumi si kidogo kama unajua unachofanya. Zinatosha kusoma nusu ya juu ya wasifu wa mtu anayetafuta kazi na kumwambia mambo mawili ya kurekebisha. Zinatosha kumwandikia bosi wa mtu mistari miwili kuhusu jambo alilolifanya vizuri, ukilitaja jambo lenyewe: "Jana alikaa mpaka tukapata risiti iliyokosekana." Sifa za jumla, "ni mchapakazi, anajituma", hazimfikishi mtu popote. Zinatosha pia kuwaunganisha watu wawili wanaofaana, na hili nitalikalia kidogo maana hufanywa vibaya kila siku.

Usimpe mtu namba ya mwenzako na kumwambia "mpigie tu, sema umetoka kwangu". Umemtwika mwenye namba deni ambalo hakulikopa. Waulize wote wawili kwanza, kila mmoja peke yake. Wakikubali, waandikie ujumbe mmoja unaosomeka hivi: "Huyu anataka kubadilisha mfumo wa mishahara, wewe ulibadilisha mwaka jana. Swali lake ni moja, data za zamani zinahamishwaje. Nawaacha muongee." Nani, kwa nini, na swali ni lipi. Kisha toka humo. Ukibaki katikati unageuka karani wa kupeleka majibu.

Pesa nimeiacha nje kwa makusudi. Kumsaidia mtu kwa fedha ni jambo jingine, lina bajeti yake na lina machungu yake, na haliwezi kupunguzwa likawa la dakika kumi. Toa ile ambayo isiporudi hutailalamikia, basi.

Liwekee siku

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi, baadhi yao kuhusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa. Kati ya wanafunzi walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa tayari wamechelewa, asilimia 10. Kuhubiri Msamaria hakukubadilisha mambo kwa kiasi cha kuonekana. Haraka ndiyo iliyoamua.

Nilipolisoma hilo niliacha kushangaa kwa nini watu wazuri hawasaidii mwisho wa mwezi. Hawana nafasi ya kuona. Kwa hiyo dawa yake haiko kwenye moyo, iko kwenye ratiba. Tenga kipande cha wiki kisichojazwa na kitu kingine. Mimi ninacho Alhamisi mchana, kuanzia saa nane, kwa sababu hakuna ripoti yangu inayodaiwa siku hiyo. Chagua cha kwako kwa kigezo hichohicho.

Kukusanya misaada siku moja kuna faida nyingine. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kuwaomba wanafunzi wafanye matendo matano ya wema kila wiki kwa wiki sita. Walioyafanya yote siku moja ndio ambao furaha yao ilipanda; walioyatawanya wiki nzima hawakuona tofauti. Nadhani najua sababu: tendo dogo lililochanganywa na shughuli za kila siku hulioni, linapita kama kufunga mlango. Ukiyapanga matano mfululizo unajua umefanya kitu, na kitu kinachokupa nguvu ndicho utakachokirudia.

Mtu akija Jumatatu, mwulize swali moja: "Linaweza kungoja Alhamisi?" Kama ni moto unawaka, saidia hapohapo. Mengi si moto. Utashangaa ni mangapi yanakuwa yamejimaliza yenyewe kabla ya siku kufika.

Usitarajie izoeleke upesi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya madogo, wakakuta wastani ni siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, toka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa jambo la mara moja kwa wiki, jipe miezi mingi. Kinachosaidia ni kulifunga kwenye kitu ambacho tayari unakifanya: nikirudi kutoka mapumziko ya mchana Alhamisi, nafungua daftari ninaloandikia watu walioomba msaada kabla sijafungua barua pepe. Ukifungua barua pepe kwanza, siku imeondoka.

Kataa mapema, kwa maneno machache

Hapa ndipo wengi wenye moyo mzuri wanapozama, kwa hiyo sitapita haraka.

Rob Cross na wenzake, katika makala ya mwaka 2016, walieleza kwamba katika mashirika mengi waliyoyachunguza, asilimia 20 hadi 35 ya ushirikiano wenye manufaa ilitoka kwa asilimia 3 hadi 5 tu ya wafanyakazi. Fikiria wewe ni mmoja wa hao watatu katika mia. Sifa yako ya kusaidia ndiyo inayokuletea foleni, na foleni ndiyo inayokuharibia kazi iliyokupa sifa. Usipoweka geti mwenyewe hakuna atakayekuwekea. Foleni inawafaa wote isipokuwa wewe.

Geti langu lina sentensi tatu. Ya kwanza: "Siwezi kukufanyia, ila nitakaa nawe dakika kumi uanze." Inafaa kwa mtu mwenye kazi kubwa aliyekuja akitumaini utaibeba. Ya pili: "Hili silijui vizuri, fulani wa manunuzi analijua kuliko mimi." Iseme tu ikiwa ni kweli, na baada ya kumwuliza huyo fulani. Ya tatu ni fupi: "Wiki hii sitaweza." Usiongeze sababu. Ukitoa sababu sita umempa mwenzako vitu sita vya kujadili, na yeye anahitaji kushinda kimoja tu.

Na kataa siku hiyohiyo. "Nitaangalia" ya mtu ambaye hataangalia ni mbaya kuliko hapana, kwa sababu mwenzako anakaa akisubiri badala ya kutafuta kwingine.

Kuna na wale wa kuchukua tu. Shukrani ya punda ni mateke, na maofisini punda ni wengi. Usiwahukumu kwa mara moja, mtu anaweza kuwa na mwezi mbaya. Kanuni ninayoitumia imetoka kwenye mashindano ya programu za kompyuta aliyoyaandaa Robert Axelrod karibu na mwaka 1980. Programu zilichezeshwa mchezo wa kushirikiana au kusalitiana, 14 zilizotumwa raundi ya kwanza na 62 raundi ya pili. Mara zote mbili ilishinda ile ya Anatol Rapoport, ambayo ilikuwa fupi kuliko zote katika raundi ya kwanza: anza kwa kushirikiana, halafu mfanyie mwenzako kile alichokufanyia mara iliyopita. Anza na wema, usijiachie kunyonywa, na akibadilika usiweke kinyongo. Mtu wa kuchukua tu simwambii neno. Anaanza kupata sentensi ya tatu. Siku akimsaidia mtu mwingine yeyote, si lazima mimi, mlango unafunguka tena.

Uliza iliishaje

Hatua hii sijaiona kwa wengi, na kwangu ndiyo iliyogeuza kusaidia kuwa ujuzi. Baada ya wiki mbili hivi, mwandikie uliyemsaidia: "Ile hesabu iliishaje?" Hudai shukrani. Unataka kujua kama ulichomwambia kilifanya kazi.

Majibu yanafundisha. Mmoja atakuambia ushauri ulikuwa sawa lakini bosi aliukataa, ukajua ungemwandalia na hoja ya kumpa bosi. Mwingine atakuambia hakuelewa ila aliona haya kusema. Wa tatu atakuletea swali la maana kuliko la kwanza. Fundi asiyeangalia alichokitengeneza kinavyotumika hawezi kukitengeneza vizuri zaidi.

Nina daftari la kurasa zenye safu nne: tarehe, nani, nini, iliishaje. Halina safu ya "ananidai" wala "namdai", na ninakushauri usiiweke. Mtu anayeweka mizania ya fadhila anaonekana usoni hata akitabasamu.

Daftari litakuonyesha pia maswali yanayojirudia. Swali likija mara ya tatu, liandikie jibu ukurasa mmoja, lenye mfano mmoja, na tangu hapo utume ukurasa. Ule wa kugawa kwa 9 niliuandika zamani na bado unazunguka. Umenirudia kutoka kwa watu nisiowajua, jina langu likiwa limeshatoka juu yake. Sina shida. Kuuandika kulinilazimisha kuelewa kwa nini 9, jambo ambalo nilikuwa nalifanya kwa mazoea tu. Ukipishanisha tarakimu mbili zilizo jirani, kinachobadilika ni tofauti yao mara 10 kutoa mara 1, yaani mara 9, au 90, au 900 kulingana na nafasi.

Tafuta wenzako wachache

Mwaka 1727 Benjamin Franklin, wakati huo kijana wa miaka 21 anayefanya kazi ya uchapaji huko Philadelphia, aliwakusanya wenzake katika klabu waliyoiita Junto. Hawakuwa wakubwa: alikuwemo mkata vioo, mshona viatu, mpima ardhi, mnakili wa hati. Walikutana Ijumaa jioni, na walikuwa na orodha ya maswali ya kusomwa kila kikao, yakiwemo kama kuna kijana aliyeanza kazi karibuni anayestahili kutiwa moyo, na kama kuna namna klabu inaweza kumsaidia mmoja wao. Kutoka kwa watu hao ilizaliwa mwaka 1731 maktaba ya kuazima vitabu ambayo ipo mpaka leo. Klabu yenyewe ilidumu miongo kadhaa.

Huhitaji klabu. Watu wanne au watano, nusu saa kila wiki mbili, kila mmoja na ombi moja linaloweza kutajwa kwa sentensi moja. Mwaliko usiwe wa marafiki watupu. Chukua wa idara nyingine, wa kazi nyingine. Sababu yake inaonekana kwenye utafiti ambao Mark Granovetter aliuchapisha mwaka 1973. Aliwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Wa karibu yako wanajua unachokijua. Habari mpya huja na wa pembeni.

Ndivyo mafanikio yanavyorudi kwa msaidizi wa kila wiki, na ndiyo maana kumtazama uliyemsaidia ukingojea alipe ni kutazama upande usio wake. Wateja wangu wa kwanza nilipoanza kufanya kazi binafsi hawakuwa watu niliowahi kuwasaidia. Walikuwa watu waliosikia kutoka kwa mtu aliyesikia kwamba kuna mhasibu fulani, hesabu zikikataa mwulize yeye.

Omba na wewe

Msaidizi asiyeomba anakaa upande mmoja wa ile hesabu ya Flynn, ule wa kuheshimika na kuchoka. Kinachotuzuia ni kudhani tutakataliwa. Mwaka 2008 huyohuyo Flynn, pamoja na Vanessa Lake, waliwatuma watu wakaombe wasiowajua wajaze dodoso, mpaka wapate watano. Kabla ya kutoka walikadiria watalazimika kuomba watu kama 20. Ilitosha kuomba kama 10.

Ombi zuri linafanana na hili, nililomtumia juzi mwenzangu wa idara ya sheria: "Naomba unisomee ukurasa mmoja, huu wa pili, uniambie kama jedwali linaeleweka kwa mtu asiye mhasibu. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa mchana. Kama huna nafasi niambie tu, nina mwingine wa kumwuliza." Kazi inajulikana, ukubwa unajulikana, mwisho unajulikana, na mlango wa kutokea uko wazi. Usiandike "naomba unisaidie kwenye ripoti yangu"; hakuna anayejua hapo ameombwa dakika kumi au wikiendi nzima, na mwenye busara atajificha.

Akijibu, mrudishie ukurasa wenyewe, pale ulipobadilisha kwa sababu yake pakiwa pamepigwa mstari. Mara nyingi ujumbe wake unaofuata unakuwa na swali lake yeye. Liweke Alhamisi.